Mafuta ya Mbuzi Juu ya Silisaidi

Nina kinyaa na mafuta. Sisemi mafuta ya gari wala ya taa. Nasema yale yanayobaki kwenye vidole vya mtu aliyekula nyama, akajipangusa kwenye suruali, akadhani amenawa. Nilizaliwa Laare, huko Nyambene, katika nyumba ambamo mbuzi alichinjwa penye sababu na pasipo sababu, na tangu utotoni nilikuwa natoka mezani wenzangu wakianza kufyonza mifupa. Mama alisema sitapata mume. Nilimpata, na mpaka leo namrudisha bombani akanawe upya.

Kazi yangu imekipa kinyaa hicho mshahara. Nafundisha fizikia katika chuo kidogo mjini Embu, na maabara yangu hupima jinsi umeme unavyopita ndani ya silisaidi, yaani silikoni iliyoyeyushwa pamoja na metali mpaka zikawa kitu kimoja kigumu, cha kijivu, kinachovunjika kama biskuti. Tunaipoza, tunapima. Kazi yote ndiyo hiyo. Ukiishika sampuli kwa kidole chenye mafuta, nyaya hazishiki vizuri, namba zinarukaruka, na siku yako imekwenda bure. Ndiyo maana mlangoni nimeweka beseni, sabuni na pakiti ya glavu, na kila anayeingia ananawa kwanza. Wanafunzi huniita Mama Sabuni wakidhani sisikii. Nasikia vizuri sana.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili kutoka kwetu Nyambene, binti wa mkulima wa miraa. Alikuwa mpole, maneno machache, na alitembea na glavu moja safi mfukoni kama wenzake wanavyotembea na lipstiki. Nilimpenda kwa hilo. Sampuli yake ilikuwa silisaidi ya chuma, na hiyo si silisaidi ya kawaida. Ile ya kobalti, ambayo tulikuwa tumeshaipima, ina adabu ya metali: ukiipoza, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Ya chuma inageuka. Kwenye joto letu la kawaida inapitisha umeme kama metali mbovu na inavutwa na sumaku kidogo sana. Ipoze, na umeme unaanza kukataa kupita, na hata ule mvuto mdogo unafifia. Kuna wenzetu ng'ambo wenye baridi kali kuliko tunayoweza kupata sisi. Wao wakishuka chini kabisa huona usumaku kidogo umerudi, lakini mara nyingi huo si wa silisaidi yenyewe. Ni wa uchafu uliojificha ndani. Kwenye joto uchafu huo huwezi kuuona.

Sampuli yenyewe ilikuwa kijiti chembamba na kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Hatuna tanuri la kutengeneza kitu kama hicho, kwa hiyo nilimwomba rafiki niliyesoma naye ng'ambo, akakiyeyusha, akakikata, akanitumia kimefungwa kwenye pamba. Kilikuwa kimoja tu. Mwanafunzi wangu alikuwa ameshaongezewa muda wa kumaliza tasnifu, na muda huo nao ulikuwa ukingoni. Akikosa kukipima, hana tasnifu, na nyumbani walikuwa wamemwambia kwa upole kwamba sasa ni zamu ya mdogo wake kusoma.

Baridi tuliazima kwa ng'ombe. Naitrojeni ya maji, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, huku kwetu huletwa kwa ajili ya mbegu za madume, zinazohifadhiwa ndani yake mpaka ng'ombe wa mtu ahitaji kupandishwa. Mpandishaji mmoja wa Kianjokoma, mtu wa pikipiki na mabuti, alikubali kutuachia mtungi wake wa akiba kutoka asubuhi mpaka jioni. Sokoni kila mtu humwita Daktari. Mimi niliyesomea huo udaktari naitwa mwalimu, na nimeshazoea.

Siku aliyoweza kutupa mtungi iliangukia siku chuo kinapofungulia milango wazazi na wageni. Nilijua ni balaa, lakini hatukuwa na siku nyingine. Mwenyekiti wa idara yangu, mtu mnene wa tabasamu asiyeona mheshimiwa bila kuinama, alifika kabla hatujafungua hata kifuniko.

"Madam, hiyo moshi tutaitumia kidogo kwa wageni," alisema.

"Si moshi, na si yetu. Ni ya kazi ya huyu msichana."

"Kidogo tu. Watu wetu wanapenda kuona kitu."

Nilibishana naye mpaka koo likakauka. Mwishowe alinikumbusha nani hutia sahihi maombi ya vifaa, akaita watu wawili wabebe mtungi. Tulimfuata, maana angalau sisi tungejua kumimina kwa uangalifu. Mwanafunzi alikuwa ameshaosha kijiti, akakiweka kwenye kisahani cha kioo na kukifunika.

Huko uwanjani naitrojeni ilimiminwa kwenye karai. Mvuke mweupe ukatambaa kwenye nyasi, watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akaeleza mambo ambayo hayakuwa kweli hata moja. Walitumbukiza ndizi zilizotoka soko la Gakoromone na kuzigonga kwa nyundo. Kisha mtu akaleta kitita cha miraa, akakichovya, akakipiga kwenye meza kikasambaratika kama glasi, na wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilimtazama mwanafunzi wangu. Alikuwa anaangalia vipande vile chini. Miraa aliichuma na ndugu zake tangu akiwa mdogo, kabla ya kwenda shule, na hapo watu wazima walikuwa wanaikanyaga kwa furaha. Nikachukua mtungi mwenyewe bila kuomba ruhusa, nikasikia wepesi wake mkononi. Zaidi ya nusu ilikuwa imemwagwa.

Wakati huo huo mvua ikashuka, ile mvua ya mlimani isiyobisha hodi. Hema zikavuja. Tulijikinga ukumbini tukingoja ipungue, na tuliporudi maabara nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni.

Walikuwa wamehamishia wageni kwangu. Kisa na maana, meza zangu ni ndefu na safi. Nyama ya mbuzi ilikuwa imekatiwa juu ya meza ya kuunganishia nyaya, na mafuta yalikuwa yameshaanza kuganda meupe kwenye ukingo. Mutura, ule utumbo uliojazwa damu na nyama, ulikuwa umejikunja kwenye karatasi ya foili kando ya mizani yangu. Glavu zangu walikuwa wanajipangusia midomo. Beseni la mlangoni lilikuwa limejaa mifupa. Na kifuniko cha kisahani chetu cha kioo kilikuwa kimegeuzwa, ndani yake kumetiwa chumvi na pilipili.

Mgeni wa heshima alikuwa ameketi kwenye kiti changu, ameegemea, amefungua kifungo cha koti, anachokonoa meno. Alichokuwa anachokonolea kilikuwa cha kijivu.

"Hiyo si ya meno," mwanafunzi wangu alisema.

"Eti?"

"Hiyo umeshika, Mheshimiwa. Si ya meno."

Alikitoa, akakitazama, akaona hakuna tofauti ya maana, akakirudisha kwenye gego la nyuma. Tukasikia kikivunjika. Alitema kipande kimoja sakafuni pamoja na mate, kikapotelea kwenye makombo.

"Toothpick zenu ni ngumu lakini hazidumu," alisema, na meza nzima ikacheka.

"Usijali, Mheshimiwa," mwenyekiti alisema. "Ni sampo tu. Ziko mingi."

Nimeona vitu vya kuchukiza maishani. Nimefuata mbuzi mpaka machinjioni, nimesafisha choo cha bweni. Lakini sijawahi kuchukizwa kama nilivyochukizwa na maneno hayo mawili, ziko mingi, yaliyosemwa na mtu aliyetia sahihi barua ya kuomba hicho kimoja. Nilitaka kusema kitu na nikaona nikifungua mdomo nitatapika, na sikutaka kumpa mheshimiwa yule hata matapishi yangu.

Mwanafunzi wangu alitoa glavu mfukoni, akaivaa, akanyoosha kiganja mbele ya mgeni.

"Naomba kilichobaki."

Mgeni akamwekea. Kilikuwa na uzi wa nyama umejishika kwenye ncha iliyovunjika. Binti hakukunja uso. Alinigeukia akaniambia kwa Kimeru kwamba kinatosha nyaya nne, mradi tuzisogeze karibu karibu, na kwamba naitrojeni haingoji.

Hapo ndipo nilipopata nguvu. Nilichukua foili ya mutura kwa mikono yote miwili, mimi ambaye siwezi hata kuiangalia, nikapita nayo katikati yao, nikatoka nje mvuani, nikaiweka kwenye benchi la walinzi. Walinifuata mmoja mmoja kama ng'ombe wanavyofuata ndoo ya pumba, mheshimiwa wa mwisho, mwenyekiti akiwa ameshika sahani ya nyama juu ya kichwa chake kuikinga. Niliporudi nilifunga mlango kwa ufunguo. Nilinawa mpaka ngozi ikawasha.

Binti alikuwa tayari anaosha kile kipande. Maji na sabuni, kisha asetoni, kisha spiriti, kisha akaanza upya kwa kuwa aliniona ninavyokitazama. Alikichunguza chini ya lenzi, akaninyooshea nichunguze, na nilikataa mara ya kwanza. Nilipokubali kutazama, kilikuwa safi. Ncha ilikuwa imechongoka vibaya, basi. Akaweka matone manne ya rangi iliyochanganywa na fedha ya kupitisha umeme, na juu yake nyaya nne nyembamba kama nywele, mbili za kupeleka umeme na mbili za kupima. Tukangoja rangi ikauke huku mtungi ukipumua polepole na kile kilichobaki ndani yake kikiondoka hewani.

Kisha tukakishusha kile kipande mtungini kwa fimbo ndefu, polepole, kwenye mvuke kwanza. Yeye alisoma joto, mimi nikasoma ukinzani. Mwanzo namba zilitambaa tu na moyo wangu ukaanza kusema ni mafuta, ni mate ya yule mtu. Halafu zikaanza kupanda. Kadiri kilivyopoa ndivyo zilivyopanda, bila kurukaruka, mstari laini, umeme ukizidi kukataa kupita kama ulivyotakiwa kukataa. Mpandishaji wa Kianjokoma alifika kuchukua mtungi, akagonga, nikamfungulia. Alinawa mikono bila kuambiwa, yule ambaye mkono wake huingia ndani ya ng'ombe mpaka begani, akasimama pembeni mpaka tukafika chini kabisa. Mtungi ulipoinamishwa yalitoka matone machache.

"Mmemaliza yote?" aliuliza.

"Ilimwagwa," nilisema.

Aliangalia mifupa kwenye beseni, akabeba mtungi wake.

Siku ya kutetea tasnifu, jopo lilikaa katika chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa mmoja wao, tai mpya, ameweka simu mbele yake. Mtahini wa kutoka nje, mwanamume mkavu mwenye miwani, aliusifu mstari ule, akasema ni safi kuliko alivyotarajia kwa vifaa vyetu. Kisha akainua picha ya sampuli.

"Hiki kipande ni kifupi, na upande huu umevunjika vibaya. Ilikuwaje?"

"Hizi vitu ni brittle sana, Prof," mwenyekiti alidakia kabla mtu hajavuta pumzi. "Ilivunjika wakati wa kukata." Alinitazama niitikie kwa kichwa. Nilimtazama yeye, na nilijua kilichokuwa kinanijia mdomoni, na ni afadhali sikuwa mimi niliyejibu.

"Hapana," mwanafunzi wangu alisema. "Ilivunjika mdomoni mwa mgeni wetu, siku ya wazazi, ndani ya maabara. Mwenyekiti alikuwepo. Niliiosha upya kabla ya kupima, na kama ningebakisha mafuta, hapa namba zingerukaruka." Alionyesha grafu kwa kalamu. "Hazikuruka."

Mtahini alivua miwani, akamwangalia mwenyekiti kwa muda, akaivaa tena. Swali lililofuata lilikuwa la usumaku, na binti alilijibu vizuri.

Alipita. Tuliletewa chai na sambusa, kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kwenye sinia, na alipomaliza ya pili alijipangusa kwenye suruali, akaja moja kwa moja na tabasamu lake, mkono mbele, vidole vinang'aa.

"Hongera sana, daughter. Umetupa heshima kama idara."

Mwanafunzi wangu aliutazama mkono ule. Alitia wake mfukoni, akatoa glavu, akaivaa, akaivuta mpaka kwenye kifundo cha mkono kama nilivyomfundisha, kisha akampa.