Mugongo ya Donat mu Pirogue

Kama unapita mu Ruashi na unaona portail, mulango kubwa ya chuma yenye maua mbili juu, usiulize ni nani aliifanya. Ni Donat, bwana yangu. Ma-soudeur bengine, benye kuunga chuma na moto, banaigaiga ile maua, lakini ya kwabo inafanana na kabichi.

Donat alizaliwa Mbuji-Mayi, kule Kasai, akakulia hapa Lubumbashi. Mimi bazazi yangu banatoka Sakania. Kwetu, mukwe na mama mukwe habaangaliane mu macho, habalye mu sahani moja, mupaka siku mama atapika mwenyewe, atamuita mukwe na kumulisha. Pale njo anakuwa mutoto wa nyumba. Mbele ya ile siku, akiona mama mukwe mu njia, anageuka, anapita kando. Hiyo njo bukwe.

Baume ba badada yangu balipikiwa mbiombio. Donat, hapana. Siku ya ndoa yetu, mama alisema mbele ya bantu bote: "Huyu wa Kasai, bukwe atajulia wapi? Mbele ya sikukuu ya Noël ataniangalia mu macho kama anaangalia bei ya samaki." Akaikala kungojea akosee. Noël ikapita, na zingine makumi mbili na zaidi nyuma yake. Mama akiingia kwetu mu salon, Donat anatokea mulango ya jikoni. Mama akigonjwa, ni yeye anamupeleka ku hospitali, na rétroviseur, kioo ya motoka ya kuonea nyuma, ameigeuza juu ili asimuone. Mama yangu alijua mugongo ya Donat kupita sura yake. Na chakula hakupika. Donat hakulalamika hata siku moja, lakini mimi ninalala naye, ninajua: ile sahani ilikuwa inamuuma. Bantu ba familia benye kukula kwa mama bote, yeye tu njo anakula inje.

Basi mwaka hii Abigaïl, mutoto wetu wa kwanza, akapata kazi. Akasema: "Papa, mama, muende vacances, mupumzike. Bantu babili tu. Muende ku ziwa kule Kapolowe, muone kiboko."

Siku moja mbele ya safari, mama akafika na valise yake ya nguo.

"Kiboko?" akasema. "Mimi na buzee hii yote sijaona kiboko."

Njo vile vacances ya bantu babili ilienda na bantu batatu.

Ku ziwa tulipata Gauthier, mwenye pirogue, mutumbwi ya moteur, muntu wa maneno mingi. Alisema atatupeleka ku kisanga, kisiwa ya bavuvi, tukule samaki kule, turudie. Mama akapanda wa kwanza, akaikala mbele kabisa. Nikaikala nyuma yake. Donat alitaka kuikala nyuma yangu, kama muntu yote.

"Cathy," mama akaniambia, "yule hawezi kuangalia kiuno yangu njia muzima."

Donat hakungoja nimuambie. Akageuka, akatupea mugongo, akaikala kuangalia Gauthier na moteur kule nyuma.

"Papa," Gauthier akasema, "ziwa iko upande ile ingine."

"Najua," Donat akajibu. "Endesha."

Tulienda vile. Mama aliona kila kintu ya kwanza: ndege nyeusi zenye kufungua mabawa ku miti zikauke, nyange nyeupe mu majani, ndege moja ndogo yenye kusimama mu hewa na kuanguka mu mayi kama jiwe. Mimi nilikuwa ninamuambia Donat, naye alikuwa anaona kila kintu kiisha kupita. Nilianza kukasirika. Mu pirogue ile, bibi na bwana baliko mu vacances mugongo kwa mugongo.

Karibu na kisanga, mamba alikuwa analala ku muchanga, kinywa wazi. Mama akasimama mu pirogue na pagne yake yote.

"Mama anataka kuona muzuri," Gauthier akasema. "Ngoja nizime moteur."

Donat akamushika Gauthier mukono.

"Usizime. Iko nyuma yako."

Nikageuka. Nyuma ya Gauthier mayi ilikuwa inapanda kama sufuria yenye kuchemka, inatufuata. Masikio mbili zikatoka, halafu macho. Gauthier hakuangalia. Aliona tu sura ya bwana yangu, ikatosha, akaongeza moteur mupaka mwisho. Pirogue ikaruka. Na mama alikuwa amesimama.

Muangalie muntu huyu. Kiboko iko inakuya mbele ya macho yake, na angeweza kugeuka, kulalamika, kumuvuta mama na mukono. Lakini alisema pole, bila kugeuka:

"Mama Abigaïl, ambia mama aikale."

"Ananituma?" mama akauliza.

Nikamuvuta pagne, akaanguka juu ya magoti yangu. Kiboko ikafungua kinywa pale tulikuwa tumetoka, ikameza povu, ikashuka. Donat aliiangalia mupaka ikapotea, halafu akasema: "Imerudia."

Ku kisanga mama alishuka wa kwanza. Alienda kwa babibi ba bavuvi, akalomba moto, akalomba unga, akachagua samaki mwenyewe. Babibi balitaka kumusaidia, akabafukuza. Donat alikuwa ameikala mbali, chini ya kivuli ya filet, nyavu za bavuvi zenye zilitundikwa kukauka, mugongo yake ku moto kama kawaida.

Bukari, ugali ya kwetu, ikaiva. Mama akaweka sahani moja. Moja.

"Donat," akaita.

Kwa mara ya kwanza jina. Mbele alikuwa anasema "yule". Bwana yangu akakuya kiupandeupande, macho chini, kama muntu anaingia mu nyumba yenye giza.

"Geuka," mama akasema. "Kiboko ulimuangalia mu macho. Mimi njo utaniogopa?"

Akageuka. Mama akakata bukari, akachovya mu supu ya samaki, akamuwekea mu mukono. Akamuangalia sana.

"Kumbe uko na macho mekundu."

"Ni moto ya soudure, mama."

"Na mvi. Kumbe uko muzee."

"Nilifikaka kwenu kijana, mama," Donat akasema. "Ni chakula njo ilikawia."

Babibi ba bavuvi bakacheka mbele yetu. Mama akatafuna kwanza, halafu naye akacheka mupaka akakohoa.

Saa ya kurudia, Gauthier akauliza: "Papa, leo utaikala namna gani?"

Mama njo alijibu. "Aikale mbele. Aone bintu."

Donat akaikala mbele kabisa, nami kando yake, bega kwa bega, na ndege zote zikakuya kwetu kwanza. Mama nyuma yetu alikuwa anamufundisha Gauthier:

"Unaona ile mugongo? Ni ya mukwe wangu. Muulize muntu yote wa Ruashi."