Kurasa za Milola

Kama kuna siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, ni ile Jumamosi gari letu lilipotumbukia katika mto wa Milola, nami nimepakata daftari, nasoma kwa sauti kubwa njia ambayo haikuwepo tena.

Najua hukuja kusikia hilo. Mwezi huu Lindi inaadhimisha miaka arobaini tangu gari la nyumbani liliposhinda mbio za kusini, na vijana wapenda magari wamekuja hapa Rasbura mara mbili kunipiga picha na kuniuliza tulijisikiaje tulipoingia mjini tukiwa wa kwanza. Nimewajibu bila haya, maana ni fahari yangu. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Ushindi ule ulianza mwaka mmoja kabla, pale mtoni.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa jiografia, sijafika miaka ishirini na mitano. Kaka yangu Bakari alikuwa fundi katika gereji ya Mzee Mnali, na pwani yote hii hapakuwa na dereva wa matope kama yeye. Mbio zilipopangwa kupita kwetu, kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi kwa kuzungukia Milola, Bwana Amirali mwenye duka la vipuri akampa Bakari gari lake dogo jeupe. Ikabaki kumpata mtu wa kukaa kiti cha pembeni amsomee njia: kona iko wapi, kali kiasi gani, daraja liko mbali gani. Dereva wa mbio, mwanangu, huenda kasi kuliko macho yake. Masikio ndiyo yanayomwongoza.

"Siti anajua ramani," Bakari alimwambia mama. "Nipe Siti."

Mama akafikiri kidogo. "Kama ni pamoja na kaka yake, aende. Ila mtandio aufunge vizuri."

Wako waliosema barazani kwamba mwanamke atasoma nini kwenye gari linalokimbia vile. Maneno yakanifikia, nikaapa moyoni kwamba nitawaonyesha. Nia ilikuwa njema, lakini kiburi kilipenya papo hapo.

Wiki moja kabla ya mbio tuliipita njia polepole, Bakari akiendesha na mimi nikiandika kwa penseli kila kona na kila korongo. Ikabaki sehemu ya Milola. Nilikuwa nimefundisha kule miaka miwili kabla ya kuhamishiwa mjini, na njia ile niliizoea kwa baiskeli. Tena siku hiyo kulikuwa na harusi ya shoga yangu, na nguo nilikwisha shona.

"Milola usihangaike, kaka," nikamwambia. "Naijua kama kiganja changu."

"Una hakika?"

"Nimeishi kule."

Akaniamini. Kurasa za Milola nikaziandika nyumbani, mezani, kwa kumbukumbu, kisha nikaenda harusini. Mazoea yana taabu, na methali hiyo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu.

Siku ya mbio ikafika. Mchinga tulikuta watu wamejaa kando ya barabara, na bwana mmoja akatuonyesha vidole viwili: tulikuwa wa pili. Tulipokata kuingia njia ya Milola tukalikuta gari la kwanza limezama kwenye udongo mweusi, magurudumu yanazunguka bure. Bakari akalipita akicheka.

"Soma, Siti. Sasa ni sisi."

"Nyooka mita mia tatu," nikasoma, "daraja."

Akakanyaga mafuta. Mimi sikujua kwamba mvua za mwaka ule zilikuwa zimelibeba daraja la magogo, na wanakijiji wamechimba njia mpya ya kukata kulia, kwenda kuvukia juu zaidi. Niliona matawi yaliyowekwa kuziba njia ya zamani. Nikasema "kulia", lakini tulikwisha chelewa. Gari likapasua yale matawi, likashuka ukingoni na kulala ubavu majini. Maji yalikuwa ya magoti tu. Bakari alikuwa akiniuliza kama nimeumia, na mkono wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo.

Watu wa Milola wakatutoa. Msimamizi wa mbio akaja anahema, akauliza kimetokea nini. Kabla sijafungua mdomo, Bakari akajibu, "Ni mimi. Nilikwenda mbio mno."

Nikanyamaza.

Nilinyamaza siku ile, na wiki ikapita ningali nimenyamaza. Mjini wakasema Bakari ana papara, gari la mwenyewe ameliharibu kwa kutaka sifa. Bwana Amirali akasema hatamkabidhi tena ufunguo. Mimi nikapewa pole, na wale wale wa barazani wakasema maskini binti wa watu, alisoma vizuri ila dereva hakusikia. Sifa ya uongo ni tamu, mwanangu, nisikufiche. Niliila, ikashuka.

Siku ya tisa Mzee Mnali akaniita gereji. Alikuwa mzee mfupi wa Kimwera, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Gari letu lilikuwa pale limepandishwa juu ya magogo. Mkononi alishika daftari langu. Alikuwa amelianika juani mpaka likakauka.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana," akasema, "lakini tazama hapa. Hizi kurasa za Kilwa, mwandiko unarukaruka. Hizi za Mchinga zina alama ya kidole chenye vumbi. Sasa njoo Milola."

Akafunua. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama wa ubaoni.

"Hizi ziliandikwa mezani," akasema.

Akalifunga daftari.

"Kaka yako amevunjika mkono, na amevunjika jina. Mkono daktari ameufunga. Jina nani atalifunga?"

Akaniwekea daftari mapajani, akarudi chini ya gari.

Nilitoka pale, lakini sikwenda nyumbani, maana nilijijua: nikifika nyumbani nitapata sababu. Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Amirali. Watu walikuwa wametoka kusali alasiri, baraza limejaa. Mficha uchi hazai. Nikasimama mbele yao.

"Bwana Amirali, kosa la Milola si la Bakari. Mimi niliandika njia bila kuipita. Yeye alifuata nilichomsomea."

Bwana Amirali akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati.

"Umetumwa, au umekuja mwenyewe?"

"Kosa nimeonyeshwa na Mzee Mnali. Kuja nimekuja mwenyewe."

Akavaa tena miwani. "Basi mwakani gari mtapewa tena, wewe na kaka yako. Ila Milola utaipita kwa miguu."

Aliyekasirika ni Bakari. "Mimi nilishalibeba," akaniambia.

"Ulibeba langu, kaka. Nirudishie."

Mwaka uliofuata nikaitembea Milola siku mbili kwa miguu, daftari mkononi, nikiwauliza wakulima ni wapi maji yamekula njia tangu mvua. Siku ya mbio, tulipoukaribia mto, nikasoma: "Kulia kali, shuka, jiwe kushoto, vuka." Bakari hakuuliza kama nina hakika. Alikata kulia kabla macho yake hayajaiona kona, tukavuka, maji yakiruka mpaka kiooni, na nyuma yetu hapakuwa na mtu mpaka Lindi.

Tuliingia mjini tukiwa wa kwanza. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti cha jirani, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti hadharani, akipiga vigelegele. Bwana Amirali alilizunguka gari mara tatu. Mzee Mnali aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa moto, akanitazama, akasema, "Hizi hukuziandikia mezani." Nimepewa vikombe na vyeti maishani, lakini hakuna nilichopewa kikanijaza kifua kama maneno yale.

Jumapili, kwenye maadhimisho, nitakaa mbele pamoja na Bakari, naye ni babu wa watu sasa. Nitawasimulia miaka yote miwili, na nitaisimulia kichwa changu kikiwa juu.

Basi sikiliza, mwanangu. Kesho utakuwa mwalimu, au mzazi, au kiongozi wa watu kumi, na kuna watakaokwenda kasi kwa sababu wamekuamini. Usimsomee mtu njia ambayo hukuipita. Na uliyoipita zamani, ipite tena, maana mvua hainyeshi kwa ruhusa yako. Usipojua, sema hujui, mwenzako apunguze mwendo. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, liseme kosa lako mapema, kabla anayekupenda hajazoea kulibeba.

Mwenyezi Mungu akujaalie elimu yenye kutembea, akupe ndugu wa kukuamini na mzee wa kukukanya bila kukuaibisha. Akulinde uendako, na akurudishe salama kwa wanaokungoja. Amin.