Mikono Haishuki Katika Nyumba ya Papa

Sisi tuliozaliwa wakati kuku alikuwa wa wageni na wa Noeli tu, tunaijua kazi ya kunyonyoa. Kule kwetu Bukavu, nyanya yangu, tuliyemwita Koko, alikaa nyuma ya nyumba kwenye mteremko na sufuria ya maji ya moto, na sisi batoto tumemzunguka kama watu wanaosikiliza kesi. Harufu ya manyoya yaliyolowa haina mwenzake. Firigisi ilikuwa ya Papa, baba yetu, hiyo haikujadiliwa. Miguu ilikuwa yetu, na tuliipigania hata kabla kuku hajafa vizuri. Wajukuu wa siku hizi wanamjua kuku aliyekatwakatwa kwenye mfuko tu. Ukiwauliza firigisi ni nini wanaingia kwenye simu kutafuta. Lakini sikuanza kuandika kwa ajili ya firigisi.

Nilitaka kusema juu ya ngozi. Siku moja Koko alikuwa amemaliza kunyonyoa, Papa akapita, akagusa vile vipele vya ngozi ya kuku kwa kidole, akatuambia kwamba Mfaransa akiogopa, au akisikia wimbo unaomwingia, anasema amepata ngozi ya kuku. Tukaangalia mikono yetu. Mudogo wangu Zihindula, ambaye wakati ule alikuwa bado anavaa shati bila kaptula, akaenda kujimwagia maji baridi ili aone kama naye atakuwa kuku. Akawa. Basi mchezo wetu njo ukaanzia pale.

Papa alikuwa mpishi wa mapadri. Shuleni hakuingia, na mi mwenyewe niliishia darasa la tatu, kwa hiyo musinitafutie makosa. Kifaransa chake alikiokota akiwa amesimama na bakuli la supu, anangoja wamalize kubishana. Na alichookota zaidi ni maneno ya mwili, kwa sababu hayo mtu anaweza kuyabeba bila karatasi. Padri akikasirika, anasema haradali inampanda puani. Akiwa na njaa, tumbo limeshuka kwenye visigino. Mtu mwema anatembea na moyo juu ya kiganja. Aliyenuna tangu asubuhi ameamka na mguu wa kushoto. Kiswahili nacho kinayajua mambo hayo, musidhani ninawasifu Wazungu peke yao. Na sisi maini yanakatika, na sisi roho inakaa juu juu. Lakini ya Papa tuliyacheza.

Ilikuwa desturi ya nyumba yetu. Jioni, bugali imeshafunikwa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la kwetu, wanalia kwenye mafuta, kila mtoto alisimama mbele ya Papa akaonyesha siku yake ilivyokuwa, kwa mwili tu, mdomo umefungwa. Wengine wanakisia. Aliyekisiwa ananawa, anakaa. Mwenye njaa alitembea ameinama ameshika visigino, na hiyo ilionyeshwa kuliko zote, mpaka Mama akasema nyumba hii ina matumbo mengi miguuni. Haradali hatukuijua. Papa akatuletea kichupa kitupu kutoka jikoni kwa mapadri, tukanusa kwa zamu, dada yetu Faida akatokwa na machozi, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena hasira ya padri inafananaje. Mtu anayekimbia, wanasema amebeba miguu shingoni. Zihindula, ambaye kila kitu alikifanya kweli kweli, akaketi chini, akapitisha mguu mmoja nyuma ya shingo, akautafuta wa pili, akakwama. Mama alimfungua kama mtu anayefungua kifurushi. Bugali ikapoa. Na Papa, ambaye hakuchekaka mbele ya batoto, akatoka nje akasimama nyuma ya dirisha. Tuliona mabega yake tu, yanaruka.

Moja tu haikuruhusiwa. Kifaransa kinasema baisser les bras, kushusha mikono: mtu amechoka na mambo yote, ameacha. Faida aliionyesha siku aliyoanguka mtihani. Alisimama tu, mikono imening'inia kama mikono ya shati kwenye kamba. Hakuna aliyekisia. Papa akainuka, akamshika viwiko, akaviinua mpaka juu, akasema neno ambalo naliandika kama lilivyotoka:

"Hii hatuichezake. Mu nyumba yangu mikono haishukake."

Kisha akamnawisha mwenyewe.

Nimewaeleza yote haya kwa sababu ya Zihindula. Sasa ni mzee, mvi mpaka kwenye nyusi. Sisi tulipokaa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, yeye alikuwa na cherehani yake mtaa wa Mchesi, mjini Lilongwe, anashona sare za shule na makoti ya kwaya, na Wamalawi walimpenda, kila shati likitoka ni zikomo, zikomo, asante ya kwao. Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi wa mjini warudi kambini. Katika ile haraka cherehani ilipotea. Akafika kwangu na mfuko mmoja, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, akaweka mikono juu ya magoti. Baada ya muda hata magotini haikukaa, ikashuka pembeni.

Wiki zikapita, miezi ikaanza. Asubuhi kigoda, jioni kigoda. Mke wangu Mama Neema alimwekea chakula, akala kama anayemsaidia mtu mwingine. Mchungaji alikuja kuomba. Jirani yetu Mnyarwanda, naye fundi wa nguo, alikuja kumwambia kuna cherehani imekaa bure kwenye kibanda chake sokoni, na macho yake hayaoni tena tundu la sindano, anatafuta mwenzake. Zihindula alimshukuru kwa heshima, akabaki pale pale. Niliogopa. Kambini tumewaona watu wanaokaa hivyo. Hawaumwi kitu, lakini tunawazika.

Mjukuu wangu Asifiwe naye alitaka kusaidia, sikatai. Akamtumia babu yake mdogo vile vichwa vya njano vya kwenye simu, kimoja kinacheka mpaka machozi, kingine kinakumbatia, na mioyo ya kila rangi. Walikuwa wamekaa mlango mmoja. Simu ikalia mfukoni kwa Zihindula, hakuitoa. Nikamwangalia mtoto aliyetuma kicheko cha machozi: uso mkavu kama chaki. Wao mioyo wanayo mingi. Enzi zetu ulikuwa na mmoja, na ukitaka kuutoa ulifungua kiganja.

Jioni moja Mama Neema alikaanga usipa, samaki wadogo wa ziwa la huku, na harufu ikafanana na ya sambaza mpaka nikasahau niko nchi gani. Nikaenda nikasimama mbele ya kigoda, mdomo umefungwa. Nikainama nikashika visigino. Mgongo ukalalamika. Zihindula akatazama upande. Nikabana pua, haradali. Nikafungua kiganja, moyo. Asifiwe akaacha simu, akauliza kama babu anaumwa. Nikaanza kuketi chini, na Mama Neema akasema kwa upole, bila kugeuka kutoka kwenye mafuta yake:

"Papa Neema, ukikwama mi sikufungui."

Pembe ya mdomo wa Zihindula ikatikisika kidogo, ikarudi.

Sikuwa na nyingine. Nikasimama wima, nikashusha mikono. Maishani mwangu sikuwahi kuifanya, hata siku tulipoifunga nyumba ya Papa na kuondoka. Niliusikia uzito. Damu inashuka vidoleni, mabega yanafuata, kisha shingo, kisha hutaki hata kuangalia mbele. Njo nikaelewa kwa nini Papa alikataza. Mwili ukianza, moyo unaamini.

Zihindula akanitazama. Akainuka, magoti yanalia, akanishika viwiko. Akaviinua mpaka juu ya kichwa changu, na ili kuinua yangu ilibidi na yake ipande.

"Yaya," akasema, kama mdogo anavyomwita kaka yake kwetu, "ile hatuichezake. Papa alikataza."

Tukabaki hivyo, wazee wawili mikono juu mbele ya mlango, kama wezi waliokamatwa. Kijana wa kabaza aliyekuwa anapita na abiria nyuma ya baiskeli akapunguza mwendo, akauliza kwa Kichewa kama kuna shida. Asifiwe akacheka, safari hii kwa uso wake. Halafu akaweka simu chini, akaja kusimama katikati yetu, akauliza na yeye aonyeshe nini.

Zamani tulikuwa wengi kwenye mchezo ule. Koko hayuko, Papa na Mama hawako, Faida tulimwacha kule kwenye udongo mwekundu. Zamani mtu akishusha mikono kulikuwa na mkubwa wa kuiinua. Siku hizi wakubwa ni sisi, tunainuana wenyewe, na viwiko vinauma.

Zihindula alinawa, akala usipa wake mpaka kichwa. Asubuhi, uji ukiwa bado haujaiva, akatoa tepi ya kupimia kutoka kwenye mfuko wake, akaivaa shingoni, akashika njia ya sokoni, kwa yule Mnyarwanda. Hakuaga mtu. Kigoda alikiacha pale mlangoni, na hakurudi tena kukikalia.