Mguu wa Kushoto

Laiti ningemkatalia rafiki yangu aliponiambia nifute picha ya mama. Nimeyakumbuka hayo leo, mjukuu wangu akichonga penseli mezani, harufu ya mbao ikanijia.

Tulikaa Kuresoi. Mwalimu wetu wa sanaa alipita shambani akamkuta mama amepumzika, ameegemea jembe.

"Mchore," akaniambia. "Usianze na uso. Tazama kwanza uzito wa mwili uko mguu gani."

Ulikuwa wa kushoto. Nikachora mguu huo, mgongo, vidole juu ya mpini, na mwisho uso. Mama alipoiona akacheka. "Kumbe niko mrembo hivi, mwalimu?"

Kesho yake darasani rafiki yangu akaipokonya. "Wee, mamako amesimama kama gunia la viazi! Futa, uchore gari."

Darasa likacheka. Hakuna aliyenishika mkono, nilifuta mwenyewe.

Namshukuru mwalimu yule kila siku, maana alinifundisha kutazama watu. Hadi leo nauona mguu ule na vidole vile. Lakini mama hakuwahi kupigwa picha hadi tulipomzika, na sasa uso wake nimeusahau.