Ndoa Iliyochelewa Kufika Kihesa

Siku mdogo wetu wa mwisho alipooa Mbeya, mimi dada yake nilikuwa Kihesa, Iringa, nimevaa sare ya harusi na kushika rimoti. Mama alikuwa amepasuliwa goti na daktari alimkataza safari ndefu. Kikao cha familia kikaamua apatikane mtu wa kumwashia ndoa kwenye televisheni. Kwa kuwa televisheni yenyewe niliinunua mimi, kule Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, sikuulizwa maswali mengi.

Mama alitaka jambo moja tu: amwone kijana wake akitamka kwamba amekubali, na papo hapo apige kigelegele cha kwanza. Wanawe wakubwa wawili walipooa alikuwa jikoni kwenye masufuria, akaletewa habari na watu. Huyu wa mwisho, alisema, hampiti.

Mpiga picha angerusha ndoa mubashara mtandaoni, nami nilikuwa nimemhakikishia mama kwamba televisheni ile inaingia mtandaoni. Ni kweli inaingia, ila huingia inapotaka yenyewe. Boksi lake lilichorwa programu nyingi, safu kwa safu. Ndani nilikuta saba. Mbili zilikuwa za hali ya hewa na moja ya kufundisha kinanda. Ile aliyoitumia mpiga picha haikuwemo, na nilipoitafuta nikajibiwa kwamba haitumiki kwenye kifaa hiki.

Nilimsomea mama jibu hilo. Akafikiri kidogo.

"Umeiambia ni ndoa?"

Wakati huo sebule ilikuwa imeshajaa. Wanawake wanane walikaa mkekani wakitazama hali ya hewa ya mji fulani wa ng'ambo, ambako mvua ilitarajiwa Jumanne. Jirani yetu Mhehe, mkulima wa mahindi na rafiki wa mama wa miaka mingi, alisema mvua hiyo huko inapotea bure. Nikapendekeza tutazame kwenye simu yangu. Mama alinitazama, nikaelewa kwamba watu wanane hawaalikwi kuja kuchungulia kiganja.

Ndipo nikagundua kivinjari, kimefichwa mwisho kabisa wa mipangilio. Nikawasha intaneti ya simu yangu ili televisheni ichote humo, nikaanza kuandika anwani ya matangazo kwa rimoti, herufi moja moja, jirani akinihimiza kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu picha ikatokea: mdogo wetu ndani ya kanzu, jasho linamtiririka, mkono wake umeshikwa na sheikh. Mama akaburuta kiti chake mpaka karibu aguse kioo.

Sheikh akatamka yake. Mdogo wetu akafungua mdomo. Simu yangu ikaita, na picha ikaganda.

Alikuwa mama mdogo, anapiga kutoka Mbeya kutoa hongera. Matangazo yalikuwa nyuma ya Mbeya kwa kama dakika nzima. Kule walishamaliza, huku bado. Na simu yangu ikipigiwa, intaneti yake husimama. Nikakata. Picha ikajikokota, mdomo ukafunguka zaidi kidogo, akapiga shangazi. Nikakata, akapiga mjomba. Kwetu ndoa ikifungwa ndugu hawatumi ujumbe, wanapiga. Na asiyepokea hupigiwa na wengi zaidi, maana huenda amepatwa na jambo. Kwenye kioo mdogo wetu alibaki ameachama, kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Huyu anataka kukataa," jirani akanong'ona.

Mama mdogo alipopiga tena, mama alinyoosha mkono nimpe simu. Vigelegele vya Mbeya vilisikika sebule nzima.

"Hongera, dada. Mwana kaoa."

"Kaoa wapi? Mimi namwona hapa, hajasema kitu."

"Dada, tende tumeshagawa."

"Basi kuleni. Ila mtu asipige simu hii mpaka nipige mimi. Waambie na wenzako."

Akakata, akanirudishia. Tukangoja. Kiduara kilizunguka katikati ya uso wa mdogo wetu, kikasimama, kikazunguka tena. Jirani alishika shavu. Hakuna aliyepiga. Kisha kiduara kikatoweka, mdomo ukafungika na kufunguka, na kwa sauti iliyokwaruza mdogo wetu akasema amekubali.

Mama alipiga kigelegele peke yake, kirefu, mpaka akakohoa, ndipo wengine wakampokea. Alipotulia alifuta macho kwa pindo la kanga, akaniomba simu tena, akampigia mdogo wake Mbeya.

"Haya," alisema. "Sasa kaoa."