Mawe Ndani ya Mkoba Wangu wa Kaunta

Nilifungua mkoba wangu wa kazi mbele ya majaji watatu, nikakuta mawe.

Mawe, jamani. Matano, yamefungwa vizuri kwenye taulo langu la kufutia glasi.

Mimi nilikuwa mchanganya vinywaji kwenye baa ya hoteli. Mkoba ule niliujaza kifaa kimoja kimoja kwa miaka mitatu: makopo mawili ya kutikisia, kipimo cha toti, chujio la waya, kijiko kirefu chenye mpini uliosokotwa, mchi wa kupondea ndimu. Wenzangu walikuwa na watoto. Mimi nilikuwa na mkoba.

Asubuhi hiyo tulikuwa wawili tunashindania ukuu wa kaunta: mimi na mwenzangu tuliyemwita Barafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika.

Nikaazima chujio la chai jikoni. Nikapima kwa macho. Nikatikisa kwa jagi lenye mfuniko.

Bosi, mama mwenye hoteli, akaonja. Akatoa mbegu ya ndimu ulimini.

"Hii ni dawa ya kikohozi?"

Ukumbi mzima, kicheko.

Barafu akashinda. Akaja kunishika bega.

"Pole, dada. Mbona hukuniambia? Ningekuazima vyangu."

Moyoni nikasema, ahaa, na kunikejeli juu! Mkoba niliuacha chumba cha kubadilishia nguo nusu saa nzima, na mwenye ufunguo mwingine alikuwa yeye peke yake.

Sikumwuliza kitu. Nilimpongeza, nikacheka naye. Ndani nachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Nilisubiri wiki tatu.

Hoteli ilikuwa inazindua baraza jipya. Barafu alipangiwa kutikisa kinywaji mbele ya wageni, saa tisa alasiri, jua linawaka. Mchana nikachukua kopo lake moja, nikaupinda ukingo kwa koleo. Kidogo tu. Huwezi kuona kwa macho, lakini makopo hayashikani.

Barafu akayainua begani kwa madaha. Akatikisa mara ya kwanza, ya pili...

Pwaa!

Juisi yote ya komamanga kwenye gauni jeupe la bosi.

Alifukuzwa palepale, wafanyakazi wenzetu wanamcheka, aproni bado iko kiunoni. Alipita mbele yangu analigeuzageuza lile kopo, haelewi. Nilimsindikiza kwa macho mpaka getini. Aisee, sitawadanganya: nilisikia raha. Raha tupu.

Kesho yake nikapewa cheo chake.

Nikakimbilia nyumbani kumsimulia mama. Naishi naye. Kazi yangu hakuwahi kuipenda, ila tulikuwa tumechoka kubishana. Nilimwigizia kila kitu: nilivyopinda ukingo, Barafu alivyoduwaa. Nacheka mpaka machozi.

Mama hakucheka. Aliacha kumenya vitunguu.

"Huyo mwenzako ana watoto?"

"Wawili. Kwani vipi?"

Akaingia chumbani kwake. Akarudi na mfuko, akautua mezani. Nikasikia vyuma vinagongana.

Kipimo changu. Chujio langu. Kijiko changu.

"Mama?"

"Baba yako alinifia mikononi kwa pombe, mwanangu. Nilitaka ushindwe mara moja tu, uiache hiyo kazi. Mawe niliyatia mimi, ulipokuwa unaoga."

Nilifungua mdomo nimfokee. Ningemfokea kwa lipi, na mimi nimemfanyia nini mtu wa watu?

Barafu nilimkuta anaosha magari. Nikamweleza yote, sikuficha hata koleo. Alisikiliza, tambara mkononi linachuruzika maji.

"Kayaseme hayo mbele ya walionicheka," akasema. "Halafu usinijie tena."

Nilikwenda. Nilisimama kwenye baraza lilelile, wafanyakazi wote wamejipanga, nikasema. Bosi alinivua aproni kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu Barafu akarudi kazini.

Juzi nilimwona ng'ambo ya barabara, nikampungia mkono. Alinitazama vizuri tu, akaendelea na safari yake. Simlaumu.

Mama nilimsamehe, ingawa ilichukua muda. Bado hatujamaliza kuliongea.

Wewe unayesoma hapa huku kuna mtu unampikia kisasi: kamwulize kwanza. Swali moja tu. Mimi nilikuwa na wiki tatu nzima za kuuliza, nikazitumia kutafuta koleo.