Baba na Ndoo ya Maji ya Chumvi

Mtu akiniuliza kama kunywa maji ya chumvi kuna faida mwilini, mimi humuuliza kwanza: umetoka jasho leo? Simaanishi jasho la kupanda ngazi. Nasema jasho la kulowanisha shati, ukilianika linabaki na michirizi myeupe. Kama hujatoka jasho la namna hiyo, chumvi yako itie kwenye mboga, tena kidogo, uniache nipumzike. Nimekuwa muuguzi miaka mingi na jambo hili sibishani na mtu tena. Nilibishana mara moja, nyumbani kwetu Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa madini, na niliyebishana naye ni baba yangu.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa Zaïre, na baba alikuwa ametumia karibu maisha yake yote ya kazi kwenye matanuru ya kuchoma madini. Kabla ya zamu, kila mtu wa matanuru alipewa kikombe cha maji yaliyotiwa chumvi. Joto la pale liliwakamua, na aliyekosa chumvi alikazwa na misuli ya miguu akaanguka. Maji yale yaliwafaa kweli. Kosa letu sisi watu wa Kapata lilikuwa kuyabeba mpaka nyumbani. Wanaume waliona yanawasimamisha mbele ya moto, wakaamua yatamsimamisha kila mtu. Sisi watoto tulinyweshwa kabla ya mtihani. Mwanamke aliyetoka kujifungua alinyweshwa. Jirani yetu alimnywesha hata mbuzi wake, na kwa kweli mbuzi peke yake ndiye aliyeyafurahia.

Niliporudi kutoka shule ya uuguzi, baba alikuwa ameshaondolewa kwenye moto. Kifua kilikuwa kimechoka, wakamweka alinde lango wanalopitia wafanyakazi wa matanuru. Alikaa kwenye kiti kivulini kutwa nzima. Jasho lake la siku lisingejaza kijiko. Hata hivyo aliamka kila asubuhi kichwa kikimgonga, na jioni akivua soksi, miguu ilikuwa imevimba na kubaki na alama. Nikaazima mashine ya kupimia presha. Nikapima mkono wa kushoto, nikapima wa kulia, imepanda mno, nikaingiwa na hofu. Babu yangu, nkambo kama tunavyomwita, alianguka ghafla akiwa na umri kama huu wa baba, mdomo ukaenda upande, na hakuinuka tena.

"Tata, unakunywa mayi ya chumvi mara ngapi kwa siku?"

"Kidogo tu, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Wewe ulisoma mu bitabu. Mi nilisoma mu moto."

"Mu moto ulishatoka, tata. Sasa uko mu kiti."

Maneno hayo yalimchoma, na mimi, nakiri, nilifurahi kumchoma. Kisha nikaficha chumvi yote ya nyumbani. Siku tatu tulikula bukari, ndio ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu, isiyo na ladha, mpaka mama akaniuliza kama nimerudi kuitibu familia au kuimaliza. Kichwa cha baba hakikutulia. Nikajua anakunywa kazini.

Siku ya nne nikampelekea chakula langoni kabla ya zamu ya mchana kuingia. Usidhani ni upendo, nilikwenda kumkamata. Nikasimama pembeni ya ukuta. Kando ya kiti chake palikuwa na ndoo yenye mfuniko na kikombe cha bati: msimamizi alikuwa amemwachia yeye kazi ya kuwagawia maji watu wanaoingia. Walikuja kwa makundi, wanne, watano. Kila kundi lilipofika, baba alichota, akanywa yeye kwanza, ndipo akawapa. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekupa kinywaji anatangulia kukinywa, uone hakina ubaya. Asipofanya hivyo, una haki ya kumshuku. Na baba hakuonja kwa ncha ya ulimi. Alikunywa mafunda makubwa, makundi saba, mbele ya macho yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Lakini niliona wale wanaume wakivua kofia za kazi na kumwamkia, "Moyo, tata," wakisimama kidogo kupata maneno yake kabla ya kwenda kwenye moto. Pale kwenye kiti alikuwa mlinzi tu. Penye ndoo alikuwa bado mkubwa wao. Nikaona aibu kwa lile neno la kiti.

Walipokwisha kupita nikamwendea. "Tata, bale banatoka jasho, bakunywe. Wewe ugawe tu, usikunywe."

Akaifunika ndoo. "Nisipokunywa mbele yabo, batasema nimeweka kitu. Batasema muzee anaonea wivu benye bangali na nguvu. Mama, batasema mi ni mulozi."

"Na ukikunywa, utaanguka sawa nkambo."

Akaanza kusuuza kikombe. Kuhusu huo ulozi, yaani uchawi, shuleni hawakutufundisha dawa yake.

Kesho yake nilikwenda tena, nikasimama mahali anaponiona. Kundi la kwanza lilipofika, baba aliinuka kwenye kiti. Akajaza kikombe, akakinyoosha mbele bila kukigusa kwa mdomo.

"Batoto yangu, leo sitakunywa mbele yenu. Munganga amenikataza, na munganga ni huyu binti yangu. Mwenye kuniogopa, apite bila kukunywa."

Wakatazamana. Baba alizidi kukinyoosha kikombe cha maji mbele yao. Mimi niliyejua kila kitu nilitamani kukimbia niyanywe mwenyewe. Kisha mwanamume mmoja mnene, aliyewahi kuwa msaidizi wake kwenye moto, akavua kofia, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho. Wa pili akanywa, na wa tatu. Makundi yakafuata, na kila mara baba alirudia maneno yale yale, sauti ikizidi kukaza.

Alipofika nyumbani hakuuliza presha yake wala hakugusa chakula. Alikaa karibu na mama, akamwambia jambo moja, akalirudia, akalirudia tena huku machozi yakimtoka:

"Bote balikunywa. Hakuna hata mumoja alipita."